UZI: Mkojo wenye ukungu una sababu nyingi, UTI ni moja tu. Karibuni tuzichambue kabla mtu hajameza Cipro nyingine

Mpima_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa maabara hapa Tanga, na kwa miaka mingi meza yangu imekuwa ya mkojo na choo. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya kitu ninachokiona kila wiki na kinaniuma. Mtu akiamka akaona mkojo wake mzito, una ukungu, au umeacha mashapo chini ya kopo, hajiulizi mara mbili: ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Anapita duka la dawa, anafungiwa Cipro, siku ya tatu mkojo umetakata, anaacha. Ukungu ukirudi jina linabadilika, sasa ni "UTI sugu". Wengi wanafika kwetu wameshameza antibayotiki za kila namna, na muda wote huo hakuna aliyeuweka mkojo wao chini ya darubini.

Mkojo unakuwa na ukungu pale vitu vidogo vidogo vinapoelea ndani yake vikazuia mwanga kupita. Ukungu wenyewe haukuambii ni vitu gani. Inaweza kuwa chumvi za mwili, usaha, bakteria, damu kidogo, ute wa ukeni, shahawa, hata mafuta. Antibayotiki ina kazi na baadhi tu ya hivyo.

Nianze na chumvi, maana ndizo zinazotisha watu bure. Ukila mlo wa maana, tumbo linatoa asidi ya kusaga chakula, na kwa muda damu inaelemea kidogo upande wa alkali. Figo zinaitoa ziada hiyo kupitia mkojo. Sasa mkojo ukiwa wa alkali, fosfati haiyeyuki vizuri, inajitenga na kuelea, na mkojo unatoka mweupemweupe. Baada ya saa chache unatoka safi. Hakuna kuchoma, hakuna homa. Walaji wakubwa wa mboga na matunda wanaiona zaidi kwa kuwa vyakula hivyo navyo huusogeza mkojo kwenye alkali.

Ya pili ni urati. Hii inapenda mkojo wa asidi uliokolea kwa kukosa maji, hasa ukipoa. Aliyefunga Ramadhani na kushinda juani anaweza kukojoa alasiri mkojo wa njano iliyokolea, akiuacha upoe unachafuka na kushusha mashapo yenye rangi ya waridi. Akifuturu na kunywa maji ya kutosha, usiku mkojo unarudi.

Tunazitofautishaje? Siku hizi tunaangalia kwa darubini, lakini njia ya zamani bado ni nzuri na inafundisha. Unajaza tyubu ya kioo robo tatu, unaishika kitako, unaiinamisha juu ya moto ichemke sehemu ya juu tu, ya chini ibaki ya kulinganishia. Ukungu ukiyeyuka kwa joto, hizo ni urati. Ukizidi, unadondosha asidi ya asetiki, ileile iliyomo ndani ya siki. Ukitakata hapohapo ni fosfati. Weupe ukibaki au ukiongezeka, hiyo ni protini, na mgonjwa huyo anatakiwa kupimwa figo, presha na sukari. Usipobadilika kwa moto wala kwa asidi, mara nyingi ni usaha na bakteria, na hapo ndipo habari ya UTI inapoanza kuwa na mashiko.

UTI yenyewe ina tabia zake. Mkojo unachoma, haja inakushika ghafla, unakwenda mara kwa mara na kinachotoka ni kidogo, chini ya kitovu panauma. Kwa wanawake ni ya kawaida kwa kuwa njia yao ya mkojo ina urefu wa sentimita 4 hivi, na bakteria wa utumbo, hasa E. coli, hawana safari ndefu. Ya mwanamume inakaribia sentimita 20. Kwa hiyo mwanamume akipata UTI, swali la kwanza ni kwa nini.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua, na matabibu waliopo humu wajaze pale kazi ya maabara inapoishia.

BintiSadani

Kaka Mpima, asante sana kwa uzi huu. Naomba kuuliza. Mimi mkojo wangu huwa kama maji yaliyooshewa mchele, lakini si siku nzima. Mara nyingi ni mchana baada ya kula. Asubuhi ni msafi kabisa. Siumwi popote. Zahanati moja waliniambia nina UTI, wakanichoma sindano, wakanipa na vidonge. Haikubadilika kitu. Nimeanza kuogopa labda kizazi kina shida.

Mpima_Tanga

Dada BintiSadani, pole. Kutokana na ulivyoeleza, ninachokishuku kwanza ni fosfati. Ukungu wa maambukizi hauna ratiba ya mlo. Bakteria wakikaa kwenye kibofu usiku kucha wanazaana, kwa hiyo mkojo wa asubuhi ndio ungekuwa mbaya kuliko wote. Wako wa asubuhi ni safi.

Lakini usichukue maneno yangu badala ya kipimo. Nenda mchana huo huo ukungu ukiwepo, toa mkojo palepale maabara, omba waangalie kwa dipstiki (kijiti cha kupimia mkojo) na darubini. Wakiona pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni 7 au zaidi, chembe za usaha hakuna au ni moja mbili, na punje za fosfati zimejaa, huna cha kutibu. Kunywa maji, endelea na maisha yako.

Na hofu ya kizazi iondoe kwa sasa. Mkojo hautoki kwenye kizazi. Kinachoweza kutokea ni ute wa ukeni kuchanganyika na mkojo ukitoka, na hilo tunaliona mno. Chini ya darubini zinaonekana chembe kubwa bapa za ngozi, nyingi, na hapo tunajua sampuli imechafuka njiani. Kama una ute usio wa kawaida, unaowasha au kunuka, hilo ni jambo la kupimwa lenyewe.

Mwana_Kwimba

Wakuu naomba niseme la huku kwetu. Mdogo wangu, yuko darasa la sita, mkojo wake ulikuwa na ukungu halafu mwishoni, yale matone ya kumalizia, unakuwa mwekundu. Tulipewa dawa za UTI dukani. Mwalimu wake ndiye aliyeshtuka, akasema huyu mpelekeni kituo cha afya wakamwangalie kichocho. Na kweli. Watoto wa huku wanaogelea lambo hilohilo wanaponywesha ng'ombe. Kinachonisikitisha, kuna wazazi hapa wanaona mtoto wa kiume kukojoa damu ni sehemu ya kukua.

Tabibu_Kilifi

Mwana_Kwimba umegusa penyewe. Mimi ni mganga huku pwani ya Kenya, na kichocho cha kibofu tunacho Kilifi, Kwale na Tana River. Damu ya mwishoni mwa mkojo ni alama yake kubwa, kwa sababu mayai yamekwama kwenye ukuta wa kibofu, na kibofu kinapojikamua kumalizia ndipo kidonda kinapotoa damu.

Watu wengi wanachanganya vichocho viwili. Aliyeoga Ziwa Victoria kwenyewe kwa kawaida hupata kile cha utumbo, ambacho husumbua tumbo na ini. Cha kibofu kinapitia konokono wa jamii nyingine, Bulinus, wanaoishi kwenye malambo, madimbwi, vijito vya taratibu na majaruba ya mpunga. Ndiyo maana mtu wa Kwimba au Shinyanga, aliye mbali na ufuo, anaweza kukojoa damu kuliko mvuvi.

Wakati wa kutoa mkojo nao una maana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukipeleka mkojo wa alfajiri unaweza kuambiwa huna. Mwambie mtoto akimbie kidogo au apande ngazi kabla ya kukojoa, na yale matone ya mwisho yasimwagwe, ndiyo yenye mayai.

Mpima_Tanga

Naongezea la mezani kwangu. Tunapitisha mililita 10 za mkojo kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, kisha kichujio kinawekwa chini ya darubini. Yai la kichocho cha kibofu ni refu, na ncha moja ina mwiba mdogo. Ukishaliona mara moja hulisahau. La utumbo lina mwiba mkubwa ubavuni.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Vidonge vingi ni vya miligramu 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anameza vinne, akiwa ameshakula. Ile fimbo ya kupimia kimo mnayoiona siku za ugawaji dawa shuleni ni njia ya kukadiria dozi bila mizani. Ila dawa haiui minyoo ambayo bado michanga. Aliyeoga lamboni wiki iliyopita anaweza kumeza leo na bado akaja kuumwa, ndiyo maana wakati mwingine inabidi irudiwe. Na mtoto akirudi kwenye maji yaleyale anaambukizwa upya.

Kichocho kilichoachwa miaka kinaharibu kibofu na mirija ya figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Hakuna ukuaji wowote hapo.

Tabibu_Kilifi

Na wasichana wasisahaulike. Mayai hayohayo huingia kwenye shingo ya kizazi na uke. Msichana anatokwa uchafu, anatoka damu bila mpangilio, anapata maumivu, anaandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa mara kwa mara na heshima yake nyumbani inaporomoka, kumbe ni minyoo ya mtoni. Dada yeyote aliyekulia karibu na maji ya kichocho na ana dalili hizi ambazo hazisikii dawa, amtajie daktari neno kichocho yeye mwenyewe.

Kapuku_Halisi

Mpima nakuheshimu, lakini mnaongea kama watu wana hela na muda. Mimi nafanya kibarua. Nikienda hospitali siku nzima imepotea, nalipa kumuona daktari, nalipa kipimo, halafu naandikiwa dawa ileile ambayo dukani ningepata kwa dakika tano. Mnataka mtu afanyeje?

Mpima_Tanga

Mkuu, hoja yako ni ya haki na siipuuzi. Foleni ipo na siku ya kibarua ikipotea haifidiwi. Lakini piga hesabu yote. Kipimo cha kawaida cha mkojo ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kabisa maabara. Antibayotiki ya dukani ukiinunua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kitu ambacho ni chumvi, au kichocho, au kisonono, umelipa zaidi na bado unaumwa.

Na kuna gharama nyingine ambayo hailipwi kaunta. Ukiacha dozi katikati, au ukimeza isiyohusika, bakteria wa tumboni mwako wanapata mazoea na dawa. E. coli tunaowaotesha Afrika Mashariki sasa hivi, wengi hawasikii tena amoksilini wala kotrimoksazoli, na Cipro nayo inazidi kuishiwa nguvu. Siku utakayopata UTI ya kweli iliyopanda hadi figo, dawa hizo ndizo utakazozihitaji.

Kama huwezi kwenda kwa daktari, basi angalau nenda kituo cha afya chenye dipstiki. Hicho kijiti kinasomwa ndani ya dakika mbili. Kisanduku cha chembe nyeupe kikibadilika rangi kuna usaha. Cha naitraiti kikigeuka waridi kuna bakteria wanaogeuza naitreti ya kwenye mkojo kuwa naitraiti, na E. coli ni mmojawapo. Vyote viwili vikiwa hasi na huna dalili, uwezekano wa UTI ni mdogo sana. Kuna mtego: naitraiti inahitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa 4, na si bakteria wote wanaoitengeneza. Kwa hiyo naitraiti hasi peke yake haikusafishi kama unaungua ukikojoa.

Mjukuu_Pangani

Assalaam alaykum wakuu. Nimesoma pale juu Mpima ametaja "hata mafuta" akapita. Naomba arudi hapo. Babu yangu, mtu wa Pangani, mkojo wake ni mweupe rangi ya maziwa. Si kila siku. Akila wali wa nazi au samaki wa kukaanga ndiyo unakuwa mweupe hasa. Mara nyingine unatoka na vipande vilivyoganda, vinamziba mpaka anapiga kelele. Amekonda. Alikuwa na mabusha akapasuliwa zamani. Wazee wenzake wanamwambia ni shahawa zinavuja kwa sababu ya utu uzima, na kuna mtu anamuuzia dawa ya nguvu za kiume.

Mpima_Tanga

Waalaykum salaam mjukuu. Mfikishie babu shikamoo yangu, na hiyo dawa ya nguvu aache leo.

Umeeleza vizuri kiasi kwamba karibu umejibu mwenyewe. Mafuta tunayokula hayaendi moja kwa moja kwenye damu. Yanasafiri kwanza kwenye mishipa ya limfu kutoka utumboni. Minyoo ya matende na mabusha, Wuchereria bancrofti, inaishi kwenye mishipa hiyohiyo na kuiharibu. Mishipa ikiziba, limfu inatafuta pa kupita, inavimba na kupasukia kwenye njia ya mkojo. Basi mafuta ya wali wa nazi yanatokea kwenye mkojo. Kinachoganda ni protini zilizomo ndani ya limfu, na ndiyo maana anakonda, anapoteza mafuta na protini kila anapokojoa.

Maabara tunalithibitisha kwa kutikisa mkojo na etha. Mafuta yanayeyukia kwenye etha na mkojo unaobaki chini unakuwa angavu. Tukipima mafuta ya aina ya trigliseridi ndani ya mkojo yanakuwepo, na kwenye mkojo wa kawaida hayatakiwi kuwepo.

Pwani yetu nzima, kuanzia Lamu, Kilifi na Kwale, kuja Tanga, Unguja, Pemba mpaka Lindi na Mtwara, ilikuwa nchi ya matende na mabusha. Ugawaji wa ivermektini na albendazoli Tanzania ulioanza 2000 umeshusha maambukizi sana. Lakini dawa haifumui mshipa ulioharibika miaka iliyopita, kwa hiyo wazee kama babu bado tutawaona.

Tabibu_Kilifi

Mjukuu, usimpeleke zahanati. Babu anahitaji hospitali yenye daktari wa njia ya mkojo. Siku mnayosubiri miadi, mpunguzieni mafuta: nazi, siagi, vya kukaanga. Mpeni samaki wa kuchemsha, dagaa, maharage, mayai, protini isipungue, na maji mengi ili vipande visigande. Wengi hutulia kwa chakula na dawa. Wasiotulia kuna tiba ya kuziba mianya hiyo kwa dawa inayopitishwa kwenye mirija ya figo, na upasuaji ukibidi. Siku akishindwa kabisa kukojoa, hiyo ni dharura, mpelekeni usiku huohuo.

Kipimo cha damu cha minyoo hii huchukuliwa usiku, kati ya saa 4 na saa 8, kwa kuwa huku kwetu vijidudu vyake hujitokeza kwenye damu ya karibu na ngozi muda ambao mbu wanauma. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotafuta kemikali za mnyoo na kinafanyika mchana pia. Kwa ugonjwa wa zamani vyote vinaweza kuwa hasi na bado tatizo likawa hilo.

Mjukuu_Pangani

Allah awalipe. Nitampeleka.

Jobe_wa_Ubungo

Swali la kiume wakuu, msinicheke. Kukojoa kunachoma, mkojo wa mwanzo una ukungu na nyuzinyuzi, ukiendelea unakuwa safi. Asubuhi kuna unyevu wa njano kwenye nguo ya ndani. Nilikuwa na mtu mpya hivi karibuni.

Tabibu_Kilifi

Hakuna wa kukucheka ndugu. Ukungu wa mwanzoni tu, halafu safi, unaonyesha tatizo liko kwenye njia ya mkojo na kibofu hakihusiki sana. Ungekuwa mwanzo hadi mwisho ningefikiria kibofu, figo au tezi dume. Pamoja na huo unyevu wa njano, hapo nashuku kisonono, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, mara nyingi huwa nacho pamoja. Usinunue Cipro. Kisonono kimeishaizoea sehemu nyingi, na mwongozo wa tiba umeiacha zamani. Nenda kliniki utibiwe vyote viwili siku hiyohiyo, upime VVU na kaswende, na huyo mwenzako lazima atibiwe hata kama hana dalili. Wanawake wengi hawaonyeshi dalili na huku mirija ya uzazi inaharibika.

MzeeKigombe

Vijana, mimi nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Tangu hapo, nikishakuwa na mama watoto, mkojo unaofuata una ukungu, na lile tendo halitoi kitu. Nimeona aibu kuuliza kliniki.

Mpima_Tanga

Shikamoo mzee. Ahsante kwa kuuliza, maana wapo wengi wanaonyamaza. Baada ya upasuaji ule, mlango wa kibofu haujifungi kama zamani, kwa hiyo shahawa zinarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Mkojo unaofuata unazibeba. Haidhuru mwili na haihitaji tiba. Hata tamsulosini, dawa ya tezi wanayotumia wengi, inaweza kufanya hivyo, na kisukari cha muda mrefu pia kwa kuharibu mishipa ya fahamu. Kilicho muhimu kwako ni nguvu ya mkojo na kama unamaliza wote kibofuni. Ukungu ukiwepo kila siku bila kuhusiana na tendo, au ukinuka, urudi kliniki, kwa kuwa mkojo unaobaki kibofuni unaalika maambukizi na mawe.

Mama_Nasra

Mimi ni mjamzito, miezi mitano. Mkojo una ukungu ila siumwi. Nikae tu?

Tabibu_Kilifi

Hapana mama, wewe ndiye ambaye kanuni yote inabadilika. Mtu mwingine asiye na dalili, hata akikutwa na bakteria, kwa kawaida hatumpi dawa. Mjamzito tunampa, kwa sababu mirija ya figo imelegea kwa homoni na kubanwa na mimba, bakteria wanapanda kwa urahisi, na figo zikishikwa mama anapata homa kali na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, na dawa upewe kliniki kwa kuwa Cipro na nyinginezo haziendani na mimba.

Jambo la pili ni protini. Baada ya wiki ya 20, protini kwenye mkojo pamoja na presha ya 140 kwa 90 au zaidi ni kifafa cha mimba kinachonyemelea. Mkojo wenye povu lisilotulia, kichwa kuuma sana, kuona maluwiluwi, uso na mikono kuvimba: usisubiri tarehe ya kadi. Nenda leo.

Mama_Nasra

Nimeelewa. Naenda kesho asubuhi.

Dafu_Tiba

Mbona mnawatisha watu? Maji ya dafu na magadi kidogo kwenye maji husafisha mkojo kabisa. Wazee wetu hawakuwa na darubini.

Mpima_Tanga

Dafu sina ugomvi nalo kwa mtu mwenye figo nzima, ni maji na yana ladha yake. Mwenye ugonjwa wa figo asilikimbilie kwa kuwa lina potasiamu nyingi. Magadi ndiyo nakataa. Ni alkali. Ukinywa alkali mkojo unakuwa wa alkali, na fosfati inaganda zaidi, kwa hiyo mwenye ukungu wa chumvi unamwongezea. Mwenye presha unamzidishia sodiamu. Na mwenye usaha unampotezea muda bakteria wakipanda juu.

Yasinta_M

Namuuguza mama, amepooza, ana mpira wa mkojo. Kila mara mfuko una ukungu na mashapo. Kila tukienda tunapewa antibayotiki.

Tabibu_Kilifi

Pole dada kwa kazi hiyo. Mpira ukikaa muda mrefu, bakteria hujenga utando ndani yake, na ukungu unakuwepo karibu siku zote. Dawa inausafisha siku chache, kisha wanarudi walio wagumu zaidi. Tunatibu akiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini au kiunoni, au kuchanganyikiwa ghafla. Vinginevyo hakikisha mfuko uko chini ya usawa wa kibofu, mpira haujakunjwa, anakunywa vya kutosha, na mpira unabadilishwa kwa wakati. Na kila ziara uliza: bado anauhitaji kweli?

Sele_Mkalimani

Mpima, nimepata majibu naomba unisomee, ni ya mke wangu. Chembe nyeupe ++, naitraiti hasi, protini kidogo, chembe za ngozi nyingi, bakteria wapo. Wamesema UTI. Mkojo tulitoka nao nyumbani asubuhi kwenye chupa ya juisi, tumefika saa 5.

Mpima_Tanga

Mkuu, jibu hilo siwezi kulitegemea na nisingependa mkeo ameze dawa kwa sababu yake. Chembe za ngozi nyingi zinaonyesha mkojo umepita kwenye ute. Chupa ya juisi, hata ukiisuuza, inabaki na sukari na vijidudu. Na tangu asubuhi hadi saa 5 kwenye joto, bakteria wachache wamekuwa wengi, kwa sababu E. coli kwenye joto zuri anajigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Mkojo unatakiwa upimwe ndani ya saa 2, au ukae kwenye friji.

Arudie hivi. Aombe kopo la maabara. Anawe kwa maji safi, mbele kuelekea nyuma. Atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, mkojo wa kwanza uende chooni, wa katikati aukinge kwenye kopo bila kugusa ndani yake, wa mwisho uende chooni. Afunge, alikabidhi hapohapo. Kama yuko kwenye siku zake aseme.

Usaha ukionekana tena na chembe za ngozi hazipo, na anaungua, hiyo ni UTI na atibiwe. Kama wanauotesha, mkojo utolewe kabla ya kumeza dozi ya kwanza. Majibu huchukua siku moja hadi mbili na yataonyesha ni dawa gani inafanya kazi. Usaha ukiwepo na kuotesha kusioteshe kitu, mara ya kwanza na ya pili, aulize kuhusu klamidia na kifua kikuu cha njia ya mkojo, hasa kama ana homa za usiku au amepungua uzito.

Sele_Mkalimani

Tunarudi Jumatatu mapema. Nikuulize, hizo dawa walizompa azianze kwa sasa au?

Mpima_Tanga

Ana homa, kutetemeka, kutapika, au maumivu ya ubavuni chini ya mbavu? Kama lipo hata moja msisubiri Jumatatu, nendeni sasa hivi. Kama hakuna, na anaungua tu kidogo, mpigie aliyeandika dawa umweleze habari ya chupa na muda, yeye ndiye aamue. Dawa ziwekeni, na kopo la maabara mlichukue Jumatatu kabla ya kidonge chochote.